Jina la Merdi kwenye Mkutano wa Makopo

Goma, 2 Machi 2025

Kwa yaya yangu Kataliko, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Ézéchiel, ambaye goti limeanza tena kumsumbua tangu mvua hizi. Tunaamka, tunasali, tunalala. Duka naliacha nusu mlango. Nikisikia pikipiki nyingi nafunga. Kwaya bado inaimba Jumapili, ila sauti za wanaume zimepungua, na hakuna anayeuliza zimekwenda wapi. Mwambie wifi yangu Marceline kitenge alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri.

Sikupigii simu, na sababu unaijua. Barabarani wanafungua simu za watu na kusoma. Bahasha hii itapitia Uganda hadi kwa Mutale, yule dereva wako wa lori anayeingilia mpakani Mokambo. Ukimaliza kusoma, choma.

Sasa neno lenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu wenye silaha kutafuta vijana. Wanaopelekwa hawarudi, hilo sina haja ya kukueleza. Wakauliza mwanangu Merdi yuko wapi. Nilijibu kabla sijafikiri: "Aliondoka mbele ya vita. Iko Lubumbashi kwa mujomba wake." Si kweli. Alipo sitaandika.

Pamoja nao alikuwa Jeannot. Ndiyo, Jeannot wa jirani, ambaye wewe ulipoishi huku ulimfundisha pamoja na Merdi ule mchezo wenu wa makopo. Sasa anatembea nao. Akaniambia kwa adabu zake zote: "Mama Merdi, kama iko kwa Kataliko, hatakosa mukutano ya Kataliko. Nitaangalia kwenye mtandao. Kataliko haachake jina ya muntu mwenye hakukuwa."

Unakumbuka nilivyokuwa nikiwacheka? Watu wazima mnaficha kakopo kenye kikaratasi ndani, wengine wanakatafuta kwa simu, wanaweka sahihi, kisha wanaandika mtandaoni "nimekapata", na wewe umekaa kama hakimu kuangalia nani amesema kweli. Leo sicheki. Umetangaza mkutano wa tarehe 15. Siku hiyo nitaingia kwa neno la siri la Merdi na kuandika kwa jina lake kwamba alikuwapo. Barua ikifika mapema, umejua. Ikichelewa, naomba tu usiguse kitu. Na usimwambie mtu, hata Marceline. Watu wa Goma ni wengi huko Naviundu, na kila mmoja ana ndugu wa kumpigia.

Mdogo wako,
Kavugho


Lubumbashi, Naviundu, 18 Machi 2025

Kadogo wangu Kavugho,

Natamani barua hii ikukute mzima, wewe na Ézéchiel na Merdi. Kutoka kwako sijapata neno tangu mwezi wa kwanza. Hapa mvua imekataa kuondoka. Mto umepanda mpaka uani, tumehamishia katoni za sabuni za duka letu la jumla chumbani, na Marceline analala katikati ya mafuta na chumvi kama malkia wa depo. Redio inasema mambo ya huko. Nazima, nawasha tena. Wateja wananiuliza, "Papa, bantu benu beko bazima?" Najibu wazima, maana sina kingine cha kujibu.

Nina malalamiko, na usinicheke. Jumamosi tulifanya mkutano wetu wa mchezo, hapa kando ya mto. Tulikuwa watu tisa. Aliyepokea watu na kuwawekesha sahihi ni Falonne, mtoto wa dada yake Marceline. Msichana huyo ana macho, hapitwi na kitu. Jioni kila mtu akaandika mtandaoni kwamba alikuwapo, kama desturi. Na baada ya hao tisa, akaandika Merdi. Merdi wetu, aliye Goma, ambaye hajawahi kukanyaga Lubumbashi. Tena ameandika kirefu, na baraka za Mungu juu yake.

Nilikaa nalo siku nzima. Nilijiambia ni mzaha wa kijana aliyefungiwa ndani. Lakini Kavugho, mchezo huu hauna refa wala kombe. Kilichomo ni neno la mtu peke yake: nilifika, nilikuwapo. Likiwa la uongo basi hakuna mchezo, ni takataka tu tumezificha vichakani. Na kama nawafutia wageni, kisha namwachia mtoto wa dada yangu, Falonne ataniangaliaje? Nimemfuta. Nimeandika na sababu chini, kwa heshima: "Merdi hakuwa nasi."

Mwambie sijakasirika. Siku atakayofika kweli nitaliandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Na wewe niandikie, hata mstari mmoja.

Yaya yako,
Kataliko


Lubumbashi, 5 Aprili 2025

Kavugho,

Salamu zitakuwa fupi. Sisi ni wazima. Marceline hasemi nami, na sababu utaiona chini.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Lori la Mutale liliharibika kabla ya Mokambo. Nimeisoma nimesimama dukani, mteja akaniomba mafuta nikampa chumvi. Nimemfuta mtoto wako. Kwa mkono wangu nimeandika mbele ya dunia nzima kwamba hakuwa nasi. Naona aibu na naogopa, na sijui kipi kimetangulia.

Kilichofutwa sikuweza kukirudisha. Basi nikatangaza palepale, kwa jina langu: "Nilimfuta Merdi kwa kosa. Alikuja mwishoni. Alikuwapo." Maneno machache, lakini jasho lilinitoka kama nimepakua lori.

Sijaweka simu chini, Falonne akajibu mbele ya wote: "Papa Kataliko, ni miye nilipokeaka bantu. Merdi hakukuyaka." Ana haki. Wengine walinyamaza, nadhani kwa heshima ya mvi zangu, na kimya chao kilinichoma. Nikafuta maneno ya Falonne. Nikaandika kwamba aliondoka mapema, kwa hiyo hakuona. Huyo ndiye aliyebaki mpaka mwisho akiokota chupa, Kavugho. Kila mmoja wao alimwona akiokota.

Akaenda kulia kwa Marceline. Marceline akanisimamia mlangoni: "Mutoto ya dada yangu, weye unamufanya mwongo mbele ya bantu. Juu ya nini?" Sikumjibu, kama ulivyoagiza. Bukari, huo ugali wa huku, ananipikia, anaiweka mezani, anaondoka. Ndugu zake wa Sakania nao wameshasikia. Wanasema sisi watu wa Kivu tukishapata depo tunasahau nani alitupokea.

Niambie Merdi yuko wapi. Hapana, usiniambie. Niambie tu kama yuko hai.

Kataliko


Goma, 16 Aprili 2025

Kwa yaya Kataliko,

Salamu leo ni zangu peke yangu. Ézéchiel hayuko nyumbani. Maharage yamepungua, umeme unakuja unapotaka, na mama mchungaji alijifungua salama, mtoto wa kike.

Barua yako ya Machi, ile ya malkia wa depo, nimeipata jana. Niliisoma mpaka pale unaposema mchezo hauna refa, nikaikunja. Najua hukujua. Barua yangu na yako zilipishana njiani, kosa si la mtu. Hayo nimejiambia tangu asubuhi na hayajanisaidia, basi acha niseme: nina hasira nawe. Ungeweza kungoja. Ungeweza kujiuliza kwa nini kijana ambaye hajawahi kusema uongo kwenye mchezo wako aanze sasa, mji ukiwa hivi.

Walirudi mwisho wa Machi. Jeannot akanionyesha simu. "Mama, angalia. Kataliko alimufuta." Alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Akasema hata yeye ulimfutia alipokuwa mtoto, ukamrudisha mlimani kwa miguu kutafuta kakopo alikosema amekapata. Mkubwa wao hakucheka. Wakamchukua Ézéchiel, na goti lake hilo. Wamesema baba atakaa kwao mpaka mtoto apatikane, au mpaka wasadiki kwamba hayuko mjini. Nampelekea chakula. Bakuli linarudi tupu, ila sijui aliyekula ni nani.

Tangazo lako jipya tumeliona. Jeannot ameona pia kwamba yule msichana wako alilipinga kabla hujamfuta. Ndiyo maana akakuuliza mbele ya wote, na swali liko pale tangu wiki iliyopita: "Mjomba Kataliko, nijibu mbele ya Mungu. Ulimwona Merdi kwa macho yako?" Anajua wewe ni shemasi. Amemwambia mkubwa wake: "Kataliko akisema ndiyo, ni ndiyo." Wanangoja hilo tu.

Na wewe hujajibu. Simu naificha ndani ya gunia la maharage. Kila asubuhi naitoa, naona swali, na chini yake peupe. Unangoja nini, yaya? Kama unangoja ruhusa ya Mungu, mimi nimeshamwomba kwa niaba yako. Umeishi miaka yote hii ukijivunia kwamba neno lako halina doa. Leo familia yako haina kingine cha kushika. Litumie.

Habari za mtoto sitaandika.

Kavugho


Lubumbashi, 11 Mei 2025

Kadogo wangu,

Tupo. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na asubuhi kuna baridi ya kuvaa koti. Pole, Kavugho. Pole kwa Ézéchiel. Nimeandika pole hii mara kadhaa na kuikata kwa sababu naiona ndogo.

Barua yako ilifika, na kabla sijakaa chini nikajibu swali la Jeannot: "Mbele ya Mungu, nilimwona Merdi." Natumaini mmeshaliona jibu hilo kabla ya karatasi hii.

Unauliza nilingoja nini. Tangazo niliweza, kwa sababu hakuna aliyenitazama machoni. Lakini kuulizwa kwa jina la Mungu, na mtoto niliyemfundisha mimi! Nilijiambia ni mtego. Nilijiambia nikijibu haraka atashuku. Maneno mazuri yote, na chini yake palikuwa na mzee anayelinda nafsi yake ibaki safi, huku shemeji yake amelala sakafuni kwa watu. Hilo la shemeji sikulijua, lakini kwamba kuna mtu hatarini nililijua, na bado nilikaa. Hasira yako ni halali. Nimemwambia mchungaji naacha ushemasi. Nimesingizia mgongo.

Sasa sikia la Falonne, maana sijui nimwambie nani mwingine.

Alikuja depo siku ileile niliyojibu. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya kaunta akasema polepole: "Papa, kama mi nabaki na vile niliandika, kuko muntu atakufa?"

Nilikuwa nafunga katoni za sabuni. Nikafunga ile, nikafungua nyingine, nikaifunga. Aliniangalia mpaka mkanda wa gundi ukanishinda mkononi. Kisha akaondoka.

Kabla ya giza akaandika mtandaoni. Nakunakilia: "Nisameheni bote, nilikosea. Merdi alikuya wakati nilikuwa nabeba viti. Alikaa pembeni yangu, akakunywa Fanta yangu bila kuomba." Hajawahi kumwona Merdi hata kwenye picha. Mimi sikumfungulia mdomo.

Tangu hapo ametoka kwenye kundi letu. Alikuwa amepata makopo mengi kuliko sisi sote, mpaka kule Mokambo aliwahi kwenda kutafuta kamoja, akarudi na tope magotini na furaha ya mtoto. Nilimwuliza kwa nini aache. Akasema: "Papa, hata makopo bile nilipataka ya kweli, sasa nani atanisadiki?" Nilimpa chupa ya mafuta ampelekee mama yake. Aliiacha juu ya kaunta.

Yaya yako,
Kataliko


Goma, 8 Juni 2025

Yaya wangu,

Anayekukabidhi barua hii ni Merdi mwenyewe. Mwangalie kwanza, umhesabu vidole, kisha uendelee kusoma.

Umeshamwangalia? Basi. Alikuwa hapa nyumbani muda wote, juu ya dari ya sebule, juu ya vichwa vya wale waliokuwa wakiniuliza yuko wapi na kunywa maji yangu. Ndiyo maana sikuweza kuandika alipo, na ndiyo maana nilikuwa mkali. Nilikuwa nikisikia mbao zikilia, nakohoa mimi. Nimekohoa mpaka majirani wakaniletea dawa ya kifua.

Ézéchiel amerudi katikati ya Mei. Amekonda, na mkono wa kushoto haufungi vizuri. Mezani anakula, na jana amegombana na mimi juu ya chumvi. Nilifurahi nikaenda kulia jikoni.

Jibu lako waliliona, ila mkubwa wao alisema mjomba atasema lolote kumwokoa mtoto wa dada yake. Kilichowageuza ni maneno ya Falonne. Jeannot aliyasoma kwa sauti hapa sebuleni kwangu, na alipofika kwenye Fanta akacheka kweli. "Huyu ni Merdi kabisa. Na mimi alikuwa anakunywa yangu." Akamwambia mkubwa wake kwamba msichana aliyekataa mbele ya wote, kisha akarudi kujiita mkosefu mbele ya wote, hana sababu ya kumdanganya mtu. Kesho yake wakamwachia mume wangu. Sasa hawaulizi tena kwenye nyumba hii, ndipo nikapata njia ya kumtoa Merdi.

Falonne alijuaje kuhusu Fanta? Unasema hukumwambia kitu. Au vijana wote wako hivyo.

Kuhusu Jeannot, siku ile kiti chake kilikuwa chini ya dari yenyewe. Mbao zililia, na mimi nikachelewa kukohoa. Hakuinua macho. Sijui alisikia au hakusikia, wala sitamwuliza.

Hatari haijaisha, yaya. Tumesema Merdi yuko kwako tangu kabla ya vita. Mtu wa huko akipiga simu hapa na kusema kijana ameshuka leo kwenye lori, watamrudia Ézéchiel. Tafuta la kusema kabla hawajakuuliza.

Na huyo msichana, mfikishie shukrani za mama ambaye hamjui.

Mdogo wako anayekupenda, na hasira imekwisha,
Kavugho


Lubumbashi, 13 Julai 2025

Kadogo wangu Kavugho,

Amefika. Vidole vyote vipo. Amelala mchana na usiku, ameamka akala bukari na mboga ya sombe ya watu watatu, na Marceline, ambaye alikuwa bado ananinunia, alipomwona amekonda vile akamwongeza sahani bila kuuliza kitu. Usiku nikamweleza Marceline yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Weye uko mujinga," akanishika mkono. Ézéchiel mwambie afanye mazoezi ya mkono kwa kukanda unga. Marceline anasema inasaidia.

Lakini nikueleze alivyofika, kisha uichome karatasi hii kama nyingine.

Ulisema nitafute la kusema kabla hawajauliza. Sikulipata. Nilidhani Mutale atamleta jioni, depo ikiwa imefungwa. Akamshusha asubuhi ya Jumamosi, watu wamejaa: wabebaji, wanawake wa soko, na wenzetu wa Goma wawili waliokuja kuchukua sabuni. Mmoja wao anapiga simu kwao kila siku, unamjua, yule mwenye mdomo. Merdi akasimama mlangoni na begi lake na vumbi la safari nzima. Nikamkumbatia, nikasahau kila kitu. Nilipoinua kichwa, yule mwenye mdomo ananitazama.

"Si huyu ndiye walisema alikuwa hapa mwezi wa tatu?" akauliza. "Mbona mimi napita depo kila juma, sijamwonaka?"

Mimi ambaye nilikuwa nimeshaapa mbele ya Mungu kwenye simu, mbele ya mtu mmoja mwenye sabuni mkononi sikuwa na neno. Nilimwona Ézéchiel akichukuliwa tena, na goti lake, na mkono wake. Watu walianza kugeuka kututazama mmoja mmoja.

Falonne alikuwa anaingia na beseni la sombe la Marceline. Sijui alisikia kiasi gani. Alimwangalia Merdi, akaniangalia mimi, akaweka beseni chini juu ya magunia.

"Merdi," akasema, "weye! Ndiyo unatoka Mokambo? Ulisemaka unaenda wiki moja tu, ukatuacha mupaka leo?"

Merdi ni mtoto wako. Hakupepesa jicho. Akajifuta vumbi usoni akasema, "Barabara, dada. Barabara ile inamaliza muntu."

Wakaanza kuzungumza juu ya Mokambo, malori, vumbi la huko, wakizozana kama watu wa shule moja. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona mwenzake kabla ya asubuhi hiyo. Yule mwenye mdomo akageukia sabuni zake, akaanza kulalamika kwamba katoni moja imelowa. Depo ikarudia kelele zake.

Falonne akachukua beseni, akapita nyuma kwenda kwa Marceline. Nikamfuata mpaka uani. Nilikuwa na salamu zako za kumfikishia, na neno langu mwenyewe nililolibeba tangu Aprili. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe. Mbele ya watu wote nilikuita..."

Hakunigeukia. "Nyamaza, Papa," akasema. "Bantu banasikia."

Nikarudi kaunta. Merdi alinisogelea akaniuliza kwa sauti ndogo yule dada ni nani. Yule mwenye mdomo bado alikuwa karibu, anafunga kamba. Nikamjibu mtoto wako kwa sauti kubwa, ya kusikika na depo nzima: "Umeshasahau? Si huyo uliyekaa naye siku ya mkutano?"

Yaya yako,
Kataliko